The Complex: wahakiki waliionea, au ilistahili kuachwa katikati vile?

#1 MpigaRimoti
Wakuu, salaam.

Juzi nimeirudia The Complex, ile gemu-muvi ya Wales Interactive iliyotoka 31 Machi 2020. Kwa wasioijua: ni waigizaji wa kweli mbele ya kamera, hakuna katuni. London imeshambuliwa kwa silaha ya kibayolojia, wanasayansi wawili wamefungiwa ndani ya maabara, muda na hewa vinawaishia. Wewe ndiye unayeamua Dk. Amy, mmoja wa wale wawili, aseme nini na amwamini nani, na kamstari ka muda kanapungua chini ya skrini wakati unawaza. Aliyeandika ni Lynn Renee Maxcy, aliyekuwa kwenye timu ya waandishi wa The Handmaid's Tale. Yumo Kate Dickie wa Game of Thrones. Si kazi ya kuokoteza.

Sasa kasome wahakiki wa wakati ule. Wengi wanaanza na sifa (picha safi, waigizaji wamejituma), halafu wanashusha rungu: hadithi fupi, maamuzi hayana uzito, uhusiano na wahusika hauleti tofauti ya maana. Wakaiacha katikati, si nzuri si mbaya. Na hapo nyuma kidogo tu, Desemba 2018, Netflix walitoa Bandersnatch, mambo yaleyale ya kuchagua kwa rimoti, kila mtu akaizungumza, mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya Emmy ya filamu bora ya televisheni.

Hoja yangu: wahakiki wa gemu walipewa muvi, wakaipima kama gemu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kaka Tabata
Nimevuta kigoda. Sisi wa muvi za kutafsiriwa tutasoma tu.

#3 Neema Ipogolo
Nyongeza kwa mleta mada: Emmy zilikuwa mbili. Hiyo uliyoitaja, na nyingine ya ubunifu katika kazi shirikishi.

Ila usitake kutuaminisha kwamba Bandersnatch ilipendwa na wote. Nilifuatilia sana kipindi kile. Walioisifu walisifu akili yake: kijana Stefan anatengeneza gemu mwaka 1984, anaanza kuhisi kuna mtu anamchagulia maisha, na mtu huyo ni wewe uliyejilaza kwenye kochi. Walioiponda walisema ondoa ujanja huo na Stefan mwenyewe hakuhusu. Anamuua baba yake mzazi, na wewe unachowaza ni "ngoja nirudi nione ile njia nyingine".

Kwa hiyo lawama ya maamuzi kukosa uzito haikuanza na The Complex. Bandersnatch ilijikinga mapema tu. Ilitangaza yenyewe kwamba huna uhuru, sasa ukilalamika huna uhuru unakuwa umeisifu.

#4 Mzee wa Diski
Dada Neema umegonga penyewe. Na kuna kitu watu wanakipita: Bandersnatch ina mhakiki wake humohumo ndani. Stefan akikubali kwenda kufanya kazi ofisini Tuckersoft, kampuni ya gemu, gemu yake inatoka, jamaa kwenye televisheni anaipa sifuri kati ya tano. Ukimpitisha njia nyingine inapata mbili na nusu. Inayopata tano kwa tano ni ile ambayo kijana ameshamuua baba na kumkatakata.

Charlie Brooker, aliyeiandika, miaka ya 1990 alikuwa akiandika kwenye jarida la gemu la PC Zone. Pale alikuwa anawacheka wenzake wa zamani, na wahakiki wanapenda sana kuchekwa na mtu anayewajua. The Complex haikuwacheka mtu. Ilijichukulia kwa uzito mwanzo mwisho.

#5 Hisabati Mwanza
Mnazunguka sana. Tupige hesabu.

Maamuzi kumi ya njia mbilimbili, ukiyaacha yatawanyike bila kukutana tena, yanazaa miisho 1,024. Maamuzi ishirini yanapita milioni moja. Hakuna mtayarishaji wa kulipia hiyo. Kwa hiyo wote wanafanya kilekile: njia zinaachana, zinatembea kidogo, zinarudi kukutana. Bandersnatch pamoja na fedha zote za Netflix ilikuwa na dakika 150 za picha zilizokatwa vipande 250, na miisho mikuu mitano. The Complex haikuwa hata na kivuli cha bajeti hiyo. Fedha ndiyo jibu, mengine ni porojo.

#6 Mhariri Kihonda
Kazi yangu ni kuhariri video, harusi na vifilamu vidogovidogo, kwa hiyo niwape ya mezani.

Kwenye filamu ya kawaida kila shoti ina jirani mmoja kabla na mmoja baada. Kwenye filamu ya kuchagua, shoti moja inaweza kuwa na majirani wanne. Mwigizaji ametoka kugombana na mwenzake, au ametoka kumkumbatia, au hawakusemeshana kabisa, na shoti inayofuata ni ileile moja kwa sababu hela ya kupiga tatu haikuwepo. Mwongozaji atamwambia nini? Atamwambia aigize katikati, asikasirike sana wala asitabasamu. Matokeo yake watu wana sura ya mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna ile sekunde ya kuchagua. Kamstari kanapungua, wewe unawaza, mwigizaji lazima afanye kitu ili picha isigande. Anashika shavu, anaangalia pembeni, anavuta pumzi. Mara ya kwanza hushtuki. Ya kumi unaanza kuona kwamba kila mtu ndani ya maabara ile ana tabia ya kuvuta pumzi kabla ya kujibu.

Sasa kwenye The Complex waliongeza kitu cha hatari zaidi: alama za uhusiano. Unamjibu Rees, yule mwanasayansi aliyefungiwa na Amy, kwa ukali, skrini inakuonyesha uhusiano umeshuka. Umeshaahidiwa kwamba kuna mtu anakumbuka. Dakika chache baadaye wanaongea kana kwamba hakuna lililotokea. Wasingekuonyesha zile alama, wala usingedai.

Nimejaribu mwenyewe. Mwaka jana na vijana wa hapa tulipiga kifilamu cha simu tukakigawa WhatsApp: ukijibu 1 binti anamwambia baba ukweli kuhusu mimba, ukijibu 2 anaficha. Nyumba ilikuwa ya kuazima, tuna siku moja tu, kwa hiyo tukio la chakula cha usiku tulilipiga mara moja likatumika kotekote. Shangazi yangu akanipigia simu: "Wewe, baba si ameshaambiwa? Mbona bado anamuuliza mtoto kwa nini hali?" Shangazi hana habari na gemu wala uhakiki, lakini kiraka alikiona. Na wahakiki walikiona. Sioni kuonewa hapo.

#7 Kaka Tabata
Shangazi apewe gazeti aandike.

#8 MpigaRimoti
Asante Mhariri, hii ni shule. Lakini ona, wewe mwenyewe unasema alama za uhusiano ndizo zilizoiponza. Hizo ni mambo ya gemu. Kama wangeiuza kama muvi tu, hakuna ambaye angedai hesabu.

#9 Buda wa Kasarani
Nakataa ya #5 na ya #8 kwa mpigo.

Fedha si jibu. Wing Commander IV, gemu ya vita vya angani ya 1996, ilikula karibu dola milioni 12. Seti zimejengwa, imepigwa kwa filamu halisi, Mark Hamill (Luke wa Star Wars) yumo, Malcolm McDowell yumo, John Rhys-Davies yumo. Iliyotangulia, ya tatu, 1994, iligharimu milioni nne hivi, waigizaji wamesimamishwa mbele ya kitambaa cha kijani na ukuta unachorwa na kompyuta. Ukiitazama leo macho yanauma. Na bado zote mbili zilisifiwa sana siku zile.

Kwa nini? Kwa sababu Blair, rubani wa Hamill ambaye ndiye wewe, akimaliza kuongea na makamanda wake, unapanda chombo unaenda kupigana na Kilrathi, maadui wa angani. Binamu yangu Eastlands alikuwa na ile ya tatu, CD nne kwenye kifuko, tukikesha kwake. Ukipigwa vita vya kutosha hadithi inageuka, Dunia inaangamia, na ni wewe uliyeshindwa kurusha chombo. Uzito wa maamuzi ulitoka mikononi. Halafu 1999 Chris Roberts akatoa gemu nje, akatengeneza muvi tupu ya sinema, wahakiki wakaichana vipandevipande.

Kwa hiyo MpigaRimoti, The Complex haikupimwa kama gemu kupita kiasi. Tatizo ni kwamba chini ya muvi hakukuwa na gemu.

#10 Mzee wa Diski
Buda, muvi ya 1999 ilikuja na sura nyingine. Hamill hayumo kama Blair, wakamweka Freddie Prinze Jr. Mashabiki walikuwa wameshanuna kabla hawajakaa kitini. Usiifanye ushahidi wa moja kwa moja.

#11 Buda wa Kasarani
Mzee, hata wangemrudisha Hamill na nywele zake za 1977, ile skripti isingepona.

#12 Zaituni wa Nyali
Assalam alaykum jamani. Mimi naona mnaikimbia historia. Gemu za sayansi zenye watu halisi ziliharibiwa jina na Night Trap, ile gemu ya video ya Sega CD, mashine ya gemu ya zamani. Maseneta wa Marekani waliikalia kikao kizima, tangu hapo mhakiki akisikia "video ya kweli ndani ya gemu" pua inamkunja kabla hajacheza. Aliyehakiki 2020 alikuwa mtoto wa Sega CD. Alikuja na kinyongo chake mfukoni.

#13 Mzee wa Diski
Bi Zaituni, karibu. Marekebisho mawili. Night Trap ni mambo ya wanyonya damu, si sayansi. Na kikao kile cha Desemba 1993, cha kina Lieberman na Kohl, kililalamikia ukatili na watoto. Ubora wa gemu haukuwa hoja yao. Kilichotoka humo ni mfumo wa ESRB wa kupanga gemu kwa umri, 1994.

Ukitaka ya sayansi kutoka kwa watu walewale wa Digital Pictures, waliotengeneza Night Trap, ni Sewer Shark ya 1992: unarusha chombo kwenye mifereji ya maji machafu chini ya ardhi, jamaa anakufokea kwenye redio. Iliongozwa na John Dykstra, mtaalamu wa madoido ya picha aliyefanya kazi kwenye Star Wars ya kwanza. Jina kubwa, mchezo mdogo. Video inakwenda na njia yake, wewe unafyatua tu.

#14 Zaituni wa Nyali
Wanyonya damu wenyewe wanatumia mashine ya kukushika shingo, nawe waniambia si sayansi! Haya, tuwaachie vampaya wenu. Neno langu liko palepale, kinyongo kipo, na hiyo Sewer Shark yako yanitetea zaidi. Mtu akishachomwa na ile, ya pili ataikaribia kwa jicho gani?

#15 Neema Ipogolo
Kinyongo kingekuwa ndiyo sababu, Her Story isingepona. Ni gemu ya Sam Barlow ya 2015: mwanamke mmoja mbele ya kamera ya polisi, video za ubora wa kanda ya zamani, bajeti kiduchu. Wahakiki waliipenda mno, na 2016 ikachukua tuzo tatu za BAFTA za Uingereza. Immortality yake ya 2022 nayo ilisifiwa sana. Hao wote ni watu halisi ndani ya gemu.

Na angalieni kitu kimoja: Her Story haikuchagulishi lolote. Hakuna "aseme ndiyo au hapana". Unaandika neno, inakuletea vipande vya mahojiano vyenye neno hilo, unaunganisha mwenyewe kichwani. Hadithi ilishatokea. Kazi yako ni kuijua. Hapo tatizo la Mhariri la shoti na majirani halipo kabisa, maana hakuna anayetegemea vipande vikae kwa mpangilio.

Nadhani watu hawajachoshwa na waigizaji. Wamechoshwa na kuulizwa.

#16 Hisabati Mwanza
Her Story si ya sayansi. Tunatoka nje ya mada.

#17 Neema Ipogolo
Na Wing Commander haikuwa na kamstari ka muda, mbona hukumfukuza Buda?

#18 Muuguzi Tandika
Hamjambo. Nimesoma wote na hakuna aliyeiwaza ile tarehe ya kutoka. 31 Machi 2020! Uingereza ilikuwa imefungwa tangu 23 Machi. Watu wako ndani, wanaogopa kushika kitasa cha mlango, halafu inawajia gemu ya London iliyoshambuliwa na kitu kinachoingia mwilini, na watu wawili wasioweza kutoka. Hadithi iliandikwa na kupigwa kabla, hakuna aliyepanga, lakini ndivyo ilivyoangukia.

Mimi wakati ule nilikuwa wodini. Mdogo wangu aliinunua akaniwekea kwenye TV nipumzike, eti ni ya madaktari. Nilipomwona yule binti mgonjwa amelala kitandani na watu wa maabara wanajadiliana juu ya kichwa chake, nikamwambia zima. Sikuwa na nia ya kuhakiki chochote. Sasa mhakiki aliyekaa kwake wiki ya pili bila kutoka, akaambiwa kuna nanoseli, chembechembe za kutengenezwa zinazotibu karibu kila kitu, ataichukuliaje? Ama ataona imemsoma, ama ataona inamtania. Na alama ikawa katikati.

#19 Mhariri Kihonda
Pole na kazi ya kipindi kile dada.

Ila mwaka huohuo 2020 mwongozaji yuleyule, Paul Raschid, alitoa Five Dates, waigizaji wakiwa majumbani kwao kwa sababu ya karantini, mapenzi ya kwenye kamera ya kompyuta. Pale karantini ilimsaidia. Watu wawili wanaoongea kwa video wanatazama kamera moja kwa moja, ukimya kabla ya kujibu ni wa kawaida, hata picha ikikwamakwama ni mambo ya intaneti. Viraka vyote nilivyovisema vinapata maelezo. Kwenye maabara yenye mapambano ya kuvunja milango huna pa kuvificha.

#20 Muuguzi Tandika
Hapo umenipa hoja yangu nusu na kuninyang'anya nusu.

#21 Chande wa Makumbusho
Ngoja niwape ya soko. Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa nauza muvi, unaleta flashi nakujazia. Bandersnatch ilipovuma watu wakaitaka. Nikapata nakala ya mtandaoni, mtu alikuwa ameunganisha vipande vyote vikawa faili moja refu. Nikauza.

Kesho yake wateja wakaanza kurudi. "Chande, hii muvi mbovu, inarudia." Mwingine anasema: "Dogo amekufa, mara yuko mezani anakula, mara amekufa tena." Mama mmoja aliniambia faili lina virusi. Nikarudisha hela za watu. Mmoja tu hakudai, aliniambia ndiyo muvi kali kuliko zote alizowahi kuona, eti mwongozaji anaonyesha jinsi wazimu unavyokuwa. Mpaka leo ananiuliza kama kuna sehemu ya pili.

#22 Mzee wa Diski
Huyo mteja wako ndiye mhakiki bora wa uzi huu.

#23 Kaka Tabata
Na kuna DJ mmoja aliitafsiri, niliiona kibanda umiza. Ilipofika pale pa kuchagua nafaka ya asubuhi, Sugar Puffs au Frosties, akasema "hapa wakubwa sisi tumeshawachagulia, endeleeni kuangalia". Ukumbi mzima ukacheka, hakuna aliyelalamika kunyimwa uhuru.

Ila mimi swali langu kwa wenye gemu: muvi gani hiyo steringi anakufa kisa mimi nimechelewa kubonyeza? Steringi hafi! Akifa ni kosa la aliyetunga. Hiyo The Complex ingepita mikononi mwangu ningeipa sifuri kama yule jamaa wa kwenye TV.

#24 Msafiri Montreal
Salaam kutoka kwenye baridi.

Jiji hili ndilo lililoonyesha jambo hili kwa dunia. Expo 67, maonyesho ya dunia ya 1967, banda la Chekoslovakia, walikuja na Kinoautomat, filamu ya kupigiwa kura ya Radúz Činčera. Kila kiti kina vitufe viwili, chekundu na kijani. Filamu inasimama, jukwaani anatokea Miroslav Horníček, ambaye ndiye mwigizaji mkuu wa filamu yenyewe, anawauliza watazamaji: sasa nifanyeje? Wanapiga kura, wengi wanashinda, filamu inaendelea.

Sikilizeni ilivyofanya kazi. Nyuma kuna projekta mbili zinakwenda sambamba, na fundi anafunika lenzi ya moja na kufunua ya nyingine. Mbili tu. Maana yake baada ya kila kura njia zinarudi kukutana. Na mwisho jengo linaungua, jengo ambalo uliliona likiungua tangu mwanzo wa filamu. Ukumbi mzima umepiga kura na jengo limeungua vilevile. Ilikuwa dhihaka, na watu waliipenda.

Miaka ya 1990 televisheni ya Cheki ikaionyesha kwa chaneli mbili kwa wakati mmoja, uhame mwenyewe kwa rimoti. Watu wakahama huku na huku, wakakuta pande zote mbili zinafika palepale. Uhondo ukaisha. Kazi ni ileile, kilichobadilika ni namna ya kutazama.

#25 Hisabati Mwanza
Kwa hiyo hesabu yangu ya kuachana na kukutana ina zaidi ya nusu karne. Asanteni.

#26 MpigaRimoti
Msafiri, ubarikiwe, umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu #1.

Mimi The Complex niliicheza kwanza na ndugu zangu sebuleni, usiku, tunapiga kelele. Dada anataka Amy amwamini Rees, mimi sitaki, kaka mdogo ndiye ana kidhibiti na hamsikilizi mtu. Mwisho gemu inakutolea tathmini ya tabia yako, ulikuwa mkweli kiasi gani, jasiri kiasi gani. Tulibishana juu ya ile tathmini muda mrefu kuliko juu ya hadithi. Hakuna aliyegundua kiraka hata kimoja.

Juzi nimeicheza peke yangu. Ukirudia, gemu inakuruhusu kuruka matukio uliyokwisha kuyaona. Ni msaada, lakini ndio unaokuvua nguo: unaruka, unaruka, unatua kwenye kipande kipya, unaona kabisa kilivyoshonwa kwenye cha zamani. Na mhakiki ndivyo anavyofanya kazi. Yuko peke yake, ana tarehe ya kukabidhi, na hawezi kuandika bila kuona miisho kadhaa. Anairuka mbele mara tatu nne mfululizo. Ni yule Mcheki mwenye chaneli mbili.

Kwa hiyo narekebisha ratili yangu tu, dai liko palepale: waliiona kwa namna ambayo mnunuzi wa kawaida haioni.

#27 Buda wa Kasarani
Hadithi tamu, lakini kukaa wengi hakuokoi kitu kibovu. Februari 1995 Marekani walitoa Mr. Payback kwenye kumbi za sinema, roboti-mtu anayeadhibu wakosaji, ya sayansi kabisa, Hisabati usinifukuze. Kila kiti kina kidhibiti kama cha gemu, ukumbi unapiga kura, watu wanapiga kelele kuliko ninyi sebuleni kwenu. Na aliyeiandika na kuiongoza ni Bob Gale wa Back to the Future. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa sinema wa Marekani, aliipa nusu nyota. Mradi mzima wa sinema za namna ile haukufika mbali.

Kinoautomat ilipendwa kwa sababu ilichekesha na ilikuwa na la kusema. Mr. Payback haikuwa nalo. Rudini kwenye hadithi, wakuu. The Complex ina wazo zuri dakika kumi za mwanzo, kisha inakuwa watu wanaokimbia korido.

#28 Zaituni wa Nyali
Buda leo umeamka na nani? Kate Dickie yuko pale akiwa bosi wa kampuni, akisema neno moja tu wahisi amekuficha kumi. Hiyo si hadithi?

#29 Buda wa Kasarani
Huyo mama namkubali. Wangempa yeye kidhibiti.

#30 Mhariri Kihonda
Hilo si la utani. Tungecheza kama bosi anayeficha siri badala ya mwanasayansi mwema, kila jibu la katikati lingekuwa na maana. Mtu anayeficha ndiye anayetakiwa awe na uso usiosomeka. Amy ni mtu wa wazi, ndiyo maana uso usiosomeka unamponza.

#31 Neema Ipogolo
Hii sijaisoma popote. Naipinga bado, lakini naenda kuiwaza.

#32 Mgeni Singida
Wakuu nimeingia uzi leo. Hiyo Bandersnatch naipata wapi? Nimetafuta Netflix ya jirani siioni.

#33 Chande wa Makumbusho
Waliitoa Mei 2025. Hata ilipokuwepo, vifaa vingine vilikuwa haviichezi, Chromecast na Apple TV vilikuwa havikubali. Na usiniulize faili langu, nimeshaacha biashara hiyo.

#34 Mzee wa Diski
Hapo napo pana uhakiki wake. Iliyobeba Emmy huwezi kuitazama kihalali leo kwa namna ilivyotengenezwa, na ile ya "katikati" bado inauzwa, unailipia bei isiyofika robo ya gemu kubwa. Miaka kumi ijayo vijana watahukumu kipi, wanachokiona au wanachosimuliwa?

#35 Hisabati Mwanza
Watahukumu wanachoweza kulipia. Nilishasema fedha.

#36 Mgeni Singida
Sawa, basi nichukue hiyo The Complex. Laptop yangu ni RAM 4, itacheza au itaganda?

#37 Mhariri Kihonda
Ni video tu, haihitaji mashine ya kutisha. Angalia nafasi ya diski kwanza, video zinakula gigabaiti, na usishushe kwa bando la siku. Ukimaliza mara ya kwanza usiruke kitu. Ukirudia, mtazame Rees tu, acha kumtazama Amy, kisha uje useme umeona nini.

#38 Kaka Tabata
Mgeni, futa na zile muvi za Chande zinazorudia, utapata nafasi.